Kusindikiza si kupeleleza: maneno yetu kwa wanafunzi wa Bukavu



Hatutarefusha maneno.

Inchi yetu inajulikana dunia nzima juu ya ubakaji. Mtu akitaja lile neno, wote wanawaza msitu, bunduki, mama anakimbia usiku na mtoto mgongoni. Ni kweli, na hospitali ya Panzi, yenye iko hapa kwetu tangu 1999, ni shahidi. Lakini ile picha inaficha kitu ingine. Inaficha ofisi yenye inafungwa kwa ndani saa kumi na moja ya jioni. Inaficha home, inaficha sherehe ya kumaliza mwaka. Juu mkosaji wa kwetu hana bunduki, ana kalamu, basi tunacheka. Tuko na mzaha wetu, PST: pointi zenye zinaambukizwa kwa ngono, sawa vile ugonjwa. Kila promosyo inaujua. Walimu wengi hawajagusa mtu, na mishahara yao tunaijua, hatuwaweki wote mu kitunga kimoja. Tunachosema ni kwamba ule mzaha unafanya kazi: unageuza mtu mwenye alilazimishwa kuwa mtu mwenye alinunua.

Angalieni vile inapita. CP anapokea ujumbe: mwambie yule dada aje kuniona juu ya kopi yake. CP anapeleka ujumbe, juu yeye pia anangoja pointi. Dada anaenda, juu baba yake aliuza shamba ili alipe pesa ya masomo, na mwaka mmoja wa kurudilia hakuna mwenye ataulipa. Akitoka mule, mtu wa kwanza anamwambia si polisi wala muganga. Ni rafiki wa chumba. Na rafiki anajibu nini? «Ulienda kutafuta nini kwake?» «Ile saa ulikuwa unafanya nini kule?» «Nyamaza, utaharibisha jina yako.» Anauliza kwa upendo, si kwa ubaya. Lakini kisha ile jibu, dada harudilii kusema tena kwa mtu yeyote.

Ni pale tunataka kuingia. Pale kwa mtu wa kwanza.

Tunataka katika kila kitivo wawe watu wawili ama watatu, wenye wenzao wanawaamini, wenye wamefundishwa kusikiliza. Hatusemi psikologi, ile ni kazi yenye iko na shule yake. Tunasema mwanafunzi kwa mwanafunzi. Mtu akikuambia «walinifanyia», unamwambia: nakuamini, si kosa yako, unataka tufanye nini? Kisha unafunga mdomo. Huulizi alivaa nini, huulizi tarehe ata mara tatu kama mtu wa parke. Kusindikiza si kupeleleza. Akitaka kulia masaa mawili bila kusema jina la mtu, ile ni masaa yake.

Kuna kitu moja tu yenye inaomba haraka, na tunaomba muiandike. Kama alibakwa, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinaanzishwa ndani ya masaa 72, na zikianza mapema ni vizuri zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutumika mpaka siku 5. Kwa hiyo hospitali kwanza, mambo ya kushitaki yatafuata kama anataka. Kama anaweza, asioge mbele ya kuonwa na muganga, na nguo aziweke mu karatasi, si mu sashe ya plastiki, juu plastiki inaozesha alama. Ameisha kuoga? Aende vilevile. Imepita wiki, imepita mwezi? Aende vilevile. Hapa tuko na Panzi, wenzetu wa Goma wako na HEAL Africa, na ni nyumba zenye zimezoea kupokea manusura bila kuwatolea macho. Na ni vijana wanaume pia: sheria ya 2006 inasema wazi kwamba mwanaume anaweza kubakwa. Kaka mwenye anasoma haya na alinyamaza, tunaongea na wewe pia.

Sheria, tuisome, juu wengi wanaamini haipo. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaazibu ubakaji kwa miaka 5 mpaka 20 ya kifungo, na kile kiwango cha chini kinazidishwa mara mbili kama mkosaji ni mwalimu wa mtu aliyetendewa. Kutumia cheo ili kuomba ngono nako ni kosa, mwaka 1 mpaka 12. Sheria ndugu yake, 06/019, inatoa mwezi mmoja kwa uchunguzi na miezi mitatu kwa hukumu, na inakataza kumaliza kesi ya namna ile kwa kulipa faini ya mapatano. Mbuzi, kreti za bia, «tupange kama familia»: hakuna pahali sheria inaviruhusu. Kwenye karatasi ni nzuri sana. Wenye wamesindikiza mtu mpaka ofisi ya OPJ wanajua umbali kati ya karatasi na mulango.

Sasa jambo gumu, na tunajua halitapendeza wote katika harakati yetu. Sisi ni watu wa kelele. Kazi yetu ni mabango, kukaa barabarani, kutaja majina ya viongozi. Ndiyo sababu mara moja mtu anasema: tumjue yule asistanti, tuweke picha yake kila pahali! Hapana. Katika kazi hii jina halitoki bila mwenyewe kukubali, na mwenyewe akikubali leo, kesho akabadilisha, tunafuata kesho. Sheria yenyewe, kwa ile kosa ya kusumbua mtu kwa kutumia cheo, inangoja malalamiko ya mwenye kutendewa. Si ya kikundi cha marafiki. Wasindikizaji hawataandika ripoti kwetu, ata sisi waratibu hatutajua nani alimwambia nani. Mwenye atapeleka siri ya mtu ku WhatsApp, ata kwa nia nzuri, anatoka katika kazi hii siku ile ile.

Kelele tutapiga juu ya vitu vingine, vyenye havina jina la mtu: kopi zisahihishwe kwa namba, si kwa majina. Mwanafunzi aweze kubadilisha mwenye anaongoza kazi yake ya mwisho bila kutoa sababu na bila kupoteza mwaka. Kamati ya malalamiko iwe na wanawake na watu wa inje ya chuo, si wenzake na mshitakiwa wenye wanakunywa pamoja.

Wengi wetu tunaoongea hapa tulishamaliza. Tuko na diploma mu sanduku na tunatafuta kazi. Ile inatupa uhuru kidogo: hakuna mwenye anaweza kutuangusha tena, hakuna pointi tunangoja. Barua kwa wakuu wa vyuo tutatia sisi saini, ninyi mubaki kimya mukitaka.

Pesa: moto mpaka Panzi usiku ni pesa, mayunite ni pesa. Tulianza likelemba, franka 500 kwa wiki, mwenye anaweza. Na wasindikizaji watakutana wao kwa wao kila mwezi, juu kubeba maneno ya wengine kunachokesha, na mwenye anachoka ajue pahali pa kutua. Mtu akikuambia anataka kujiua, usibaki peke yako na ile neno: kaa naye, na umpeleke kwa wenye kazi yao.

Mafunzo ya kwanza ni Jumamosi hii, saa tatu ya asubuhi. Hatutaandika majina ku mulango. Sasa tunasikiliza maulizo, na mwenye hataki kuuliza mbele ya watu, dada wawili wenye wamekaa nyuma watabaki mpaka wote watoke.