Kompyuta, Uma wa Sauti na Masikio Yetu

Hotuba ya wapiga vyombo katika jubilei ya miaka 25 ya kwaya, Garsen

 

 Wenzetu watasimulia safari za kwaya na nyimbo tulizorekodi. Sisi wapiga vyombo tumechagua jambo moja: namna tunavyotyuni vyombo siku hizi kwa kompyuta, na kosa tulilomtendea mwenzetu kabla hatujajua kuitumia.

Tuanze na kazi yenyewe. Sauti ni mtetemo. Uzi wa gitaa ukipigwa hutetemeka mara nyingi katika sekunde moja. Ukiukaza unatetemeka haraka zaidi na sauti inapanda. Ukiulegeza sauti inashuka. Ili vyombo vya watu mbalimbali vipatane, mwaka 1939 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana London wakakubaliana kwamba noti A, ile iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo, hata kwenye vinanda vya umeme tunavyonunua Mombasa.

Kwa miaka mingi sisi tulipima kwa uma wa chuma, chombo alichokibuni mpiga tarumbeta wa Uingereza, John Shore, mwaka 1711. Wa kwetu tuliachiwa na mwalimu wetu wa kwanza wa kwaya. Mzee wetu wa gitaa aliugonga kwenye goti, akaukanyagisha shina lake juu ya mbao ya gitaa, akasikiliza, kisha akaukaza uzi wa tano hadi ulipopatana nao. Nyuzi nyingine alizipata kutoka kwa huo mmoja, kwa sikio tu.

Sasa kosa letu. Miaka miwili iliyopita nyimbo zetu zilianza kuharibika. Tukianza vizuri, ubeti wa pili kwaya imegawanyika. Soprano wako juu kidogo, alto wako chini kidogo. Tulirudia mazoezi hadi usiku. Mwisho tukatafuta mwenye makosa, na lawama zikaangukia alto, hasa mama mmoja mwenye sauti nzito inayosikika kuliko za wenzake. Tulimwambia mbele ya watu kwamba anaishusha kwaya. Tulimwomba asimame nyuma, mbali na kipaza sauti. Hakujibu kitu. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, na Jumapili aliketi na waumini, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Wengi wenu mlimwona. Sisi tulijifanya hatuoni.

Nyimbo hazikupona.

Mwaka huu, tulipojiandaa kurekodi kwa ajili ya jubilei, kijana wetu mmoja alileta laptopu yenye programu ya kutyuni. Programu hiyo husikiliza kupitia maikrofoni au waya, huhesabu mitetemo ya noti, kisha huonyesha kwenye kioo jina la noti na kama iko juu au chini. Tofauti huonyeshwa kwa senti. Si senti za mfukoni. Kutoka do hadi do ya juu kuna hatua ndogo 12, na kila hatua imegawanywa senti 100. Hesabu hiyo ilitangazwa na Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885.

Tulipima gitaa kwanza. Lilikuwa sawa, mzee wetu na uma wake hawakukosea. Halafu tukaunganisha kinanda kwa waya, tukabonyeza A. Kioo kikaonyesha mitetemo 432, chini kwa senti zaidi ya 30. Tukabonyeza noti nyingine, zote zilikuwa chini kiasi hicho hicho. Kumbe ndani ya kinanda kuna sehemu ya kushusha na kupandisha sauti kidogo kidogo, na mtu mmoja wetu aliigusa siku fulani bila kujua.

Mnakumbuka tunavyosimama? Soprano wako upande wa gitaa. Alto wako mbele ya spika ya kinanda. Kila upande ulikuwa ukifuata chombo kilicho karibu nao, na kila upande ulikuwa ukiimba sawasawa. Yule mama tuliyemrudisha nyuma alikuwa mtiifu kuliko sisi sote: alipewa sauti na kinanda, akaishika.

Tulikwenda nyumbani kwake, wapiga vyombo wote pamoja na mwalimu wa kwaya. Alitukaribisha, akatupa chai. Tulipomaliza kueleza habari za laptopu na zile senti, alisema, "Mashine imewaambia kuwa sikukosea. Lakini nyinyi wanangu mlikuwa na masikio."

Maneno hayo hatukuwa na jibu lake. Tuliomba msamaha. Leo yuko pale mstari wa mbele wa alto, nasi tunarudia kumwomba radhi hapa hapa mbele ya kanisa, kwa sababu tulimkosea mbele ya kanisa. Katika Walawi 25, jubilei ni mwaka wa kumrudisha mtu kwenye haki yake aliyoipoteza. Tusingeweza kuisherehekea kwa kuimba tu.

Kwa vijana mnaojifunza vyombo, haya ndiyo tuliyoyashika. Pimeni kinanda kwanza, kabla ya gitaa lolote, na hakikisheni programu imewekwa 440. Tyunini ndani ya kanisa, si nyumbani, maana joto letu la Garsen hulegeza nyuzi za chuma, na unyevu wa msimu wa mvua huvimbisha mbao za gitaa. Gitaa lililokuwa sawa kivulini saa moja asubuhi si lile lile saa tano chini ya mabati. Zimeni feni, nyamazisheni watoto, pigeni uzi mmoja mmoja. Uzi ukiwa juu, ulegezeni upite chini, kisha upandisheni polepole. Ukiishia kwa kukazwa hautateleza upesi. Baada ya nyimbo mbili, pimeni tena. Na msipokuwa na laptopu, programu za namna hii zipo hata kwenye simu, nyingine bila malipo.

Lakini uma wa mzee hatukuutupa. Umeme ukikatika na simu ikiishiwa chaji, uma bado unalia. Mzee naye anawafundisha vijana kusikiliza mapigo: noti mbili zikikaribiana bila kupatana, sauti huyumba wa-wa-wa, na kadiri zinavyokaribiana kuyumba kunapungua hadi kunakwisha. Kijana anayejua kusikia hivyo angaligundua tatizo la kinanda chetu siku ya kwanza.

Tena kuna kazi ambazo programu haiziwezi. Ngoma zetu bado tunaziota juani ili ngozi ikaze. Nazo nyimbo za zamani za Kipokomo, zile bibi zetu wanaimba bila chombo, zina hatua zake. Ukizipima kwa mashine, nusu ya noti zitaonekana zimekosewa, na hazijakosewa. Tukumbuke kwamba sauti ya wimbo wa taifa letu ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, iliutengeneza uwe wimbo wa Kenya nzima. Kabla ya kufika kwao, ulihifadhiwa na mama wa mto huu, kwa mdomo na sikio, bila uma wala kompyuta.

Basi mashine ipime vyombo. Watu tuwasikilize sisi wenyewe. Siku kwaya itakapoharibika tena, na itaharibika, tuanze kwa kukagua waya, nyuzi na vibonyezo kabla hatujanyoosha kidole kwa mwenzetu.

Baada ya ibada tutakuwa chini ya mwembe na laptopu yetu. Mwenye gitaa alilete, tutalityuni bure. Sasa tunawaomba alto watuanzishie wimbo unaofuata. Kinanda kitawafuata wao.

Mungu awabariki.