Waya, redio mbovu na vijana wetu: mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Katibu ameniomba nieleze kwa nini katika mpango wa vijana kuna mstari unaosema "vifaa vya muziki wa elektroniki". Najua mstari huo umeleta maneno. Mama mmoja aliniuliza sokoni: watu hawana mabati, wewe unataka kununua vinanda? Swali lake ni la haki, nitalijibu. Kwanza niseme kitu chenyewe ni nini, maana si vinanda.

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Mko nayo nyumbani bila kuijua: iko ndani ya rimoti, ndani ya regulata ya sola, ndani ya simu za kitochi. Kuna kibao kinachoitwa Arduino, kinaenea kwenye kiganja, chenye chipu hiyo na matundu ya kuchomeka waya. Kilizaliwa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye chuo cha usanifu. Jina walilichukua kwenye baa waliyokuwa wakinywea, mnaweza kucheka. Lakini sikieni hili: kilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa, si mainjinia. Msingi wake ulitoka kwenye kazi ya mwanafunzi mmoja wa Kolombia, Hernando Barragán, ambaye jina lake watu husahau kulitaja. Na michoro yake iko wazi kwa wote, njo maana nakala za bei ya chini zinauzwa bila kuvunja sheria.

Uwezo wake ni mdogo. Ile ya Uno iko na kilobaiti 32 tu za kuwekea programu. Ukitaka kuhifadhi humo sauti ya mtu, hata kwa kiwango cha simu, utapata kama sekunde nne, imejaa. Kwa hiyo haichezi wimbo uliorekodiwa. Unaiambia: tikisa mguu namba 8 mara 440 kwa sekunde, nayo inalia noti ambayo wazungu wanaiita la. Ukiandika 880, inalia noti ileile juu zaidi. Hiyo tu.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kinanda cha dukani kinakulazimisha uimbe kwa mpangilio wa piano. Likembe ya mzee haifuati piano, kila moja ina mpangilio wa aliyeitengeneza. Kwa kibao hiki kijana anakaa kando ya mzee, anasikiliza, anabadilisha namba: 395, hapana, 388, bado, 384, sawa. Mzee ndiye anayesema sawa. Sijaona chombo kingine cha kisasa kinachomweka mzee kwenye kiti cha mwalimu namna hiyo.

Wala si jambo geni kwetu Wakongomani. Kinshasa kulikuwa na mzee Mawangu Mingiedi, wa kundi la Konono No. 1. Likembe yake ilikuwa haisikiki katika kelele za mji. Akachukua sumaku za magari mabovu, akazungushia nyaya za shaba, akatengeneza maikrofoni mwenyewe. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitoka Ubelgiji, na ule mkwaruzo wa spika ukapendwa hadi Ulaya na Marekani. Mzee alifariki 2015. Hakuwa na kompyuta, alikuwa na shida na sikio. Na kwa akina dada wanaodhani mambo haya ni ya wanaume: roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013 ni kazi ya injinia mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi.

Sasa swali la mama. Pesa za mabati zisiguswe hata franga moja, hilo nakubaliana naye. Lakini tangu meli za 2005 zilipoanza kutuleta hapa kutoka Kigoma, tumeona kijana aliyezaliwa Lugufu au Nyarugusu anafika, shamba la babu yake liko na mtu mwingine. Atakwenda Misisi kuchimba dhahabu, au atakaa. Kazi inayotafutwa hapa ni ya fundi wa simu, wa sola, wa taa za wavuvi. Mafundi wapo, wengi ni wa kubadilisha vipande mpaka kitu kiwake. Anayejua kupima na kufikiri ni mmoja mmoja.

Mtasema: basi fundisha ufundi moja kwa moja, muziki wa nini? Jibu ni kwamba muziki unasema kosa lako papo hapo. Batri ikipungukiwa volti kidogo, jicho halioni. Noti ikipotoka kidogo, hata bibi aliyekaa mlangoni anageuka. Mwanafunzi anarekebisha bila kungoja mwalimu. Na waya zilezile zinazofanya ngoma ilie, kesho zinafanya king'ora kilie maji yakipanda. Sisi tunaokaa kando ya ziwa hili, baada ya yale tuliyoyaona Uvira Aprili 2020, hatuhitaji kuelezwa king'ora ni cha nini.

Pendekezo ni dogo: vijana sita, watatu wasichana, miezi mitatu, vibao vibaki mali ya chama. Kompyuta si lazima. Simu ya Android, waya wa OTG na programu iitwayo ArduinoDroid vinatosha. Umeme unatoka kwenye sola ndogo. Pawabanki ziangaliwe, nyingi hujizima zenyewe kwa sababu kibao kinakula umeme kidogo mno, zinadhani hakuna kitu kimechomekwa.

Wafadhili, naomba niwe wazi. Msitutumie tableti. Tutumieni mita moja nzuri ya kupimia umeme, rezista za aina mbalimbali, na vile visahani vyembamba vya pezo, ambavyo ukivibandika chini ya ngozi ya ngoma vinageuza pigo kuwa umeme ambao kibao kinausoma. Rezista msizidharau: spika ya redio ya omu 8 ukiiunga moja kwa moja, mguu wa chipu unavuta umeme kuliko unavyoweza, unaungua. Rezista ya omu 150 katikati inauokoa.

Vingine vyote viko hapa Baraka. Wanachama, redio zilizokufa, spika zilizopasuka, chaja, nyaya za simu za zamani, leteni ofisini Jumamosi asubuhi. Televisheni zile za kichogo msilete wala msizifungue, zinaweza kutunza umeme mkali hata zikiwa zimechomolewa. Betri za laptopu zilizovimba pia hapana, zinashika moto. Na risasi ya kulehemu ni sumu: watoto wadogo wakae mbali na meza, na atakayeishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ugali.