Somo la Ufundi wa Nyumbani: Ndoo ya Mawimbi kwa Tangi la Matumbawe

Leo tutajifunza kutengeneza chombo kinacholeta mawimbi ndani ya tangi la kioo lenye samaki wa baharini na matumbawe. Chukueni penseli na daftari, maana kuna vipimo vya kuandika. Vipimo hivi vikikosewa, maji ya chumvi yatamwagika sakafuni, na hasara itakuwa ya mwenye nyumba.

Kwanza tuulize: Kwa nini matumbawe yanataka mawimbi? Watu wengi hudhani kuwa tumbawe ni jiwe. Siyo. Tumbawe ni mji wa wanyama wadogo sana, na jiwe ni nyumba waliyoijenga wenyewe. Wanyama hawa hawana miguu ya kufuata chakula, wala mikono ya kufagia uchafu wao. Bahari ndiyo inayowatumikia. Wimbi likija huleta chakula na hewa safi. Likirudi huchukua taka. Maji yakisimama, utando wa maji yaliyochoka hubaki umelizunguka tumbawe, na mnyama aliye ndani hudhoofika, hata pengine hufa.

Basi, mtu anayefuga matumbawe nyumbani hununua pampu ndogo ya umeme na kuitia ndani ya tangi. Hiyo ni nzuri, lakini ina upungufu. Pampu hupiga maji upande mmoja, saa zote, kwa nguvu ile ile. Tumbawe lililo mbele yake huchapwa mchana na usiku, na lililo nyuma ya jiwe halipati kitu. Bahari haifanyi hivyo. Bahari hukusanya nguvu, hupiga, kisha hutulia.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Huko Washington, Marekani, Walter Adey wa Smithsonian alitumia ndoo zinazojaa na kupinduka zenyewe ili kuleta mawimbi katika matangi yake. Naye Bruce Carlson, wa Waikiki Aquarium ya Honolulu, nyumba ya samaki iliyofunguliwa mwaka 1904, alieneza chombo chepesi zaidi, kisicho na kitu kinachopinduka, na mpaka leo wafugaji hukiita kwa jina lake. Chombo chetu cha leo ni cha ukoo huo.

Je, kinafanyaje kazi? Bila shaka mmemwona mtu akitoa mafuta ndani ya pipa kwa mpira. Hutia ncha moja ndani ya pipa, huvuta kidogo, kisha huishusha ncha ya pili chini. Mafuta hupanda, hupita juu ya ukingo wa pipa, na kuteremka yenyewe mpaka ncha ya juu ipate hewa. Hiyo ndiyo sifoni. Chombo chetu ni sifoni inayojianzisha na kujikata yenyewe. Pampu hujaza ndoo iliyo juu ya tangi, polepole. Maji yakifika juu ya pindo la bomba, huanza kuteremka, hufukuza hewa iliyo ndani ya bomba, na mara sifoni hushika. Ndoo humwagika kwa mkupuo. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba, hewa huingia, sifoni hukatika, na pampu huanza kujaza upya.

Sasa andikeni vifaa. Moja: ndoo ya plastiki ya lita 20, ya namna inayotumika kwa chakula, isiyowahi kutiwa rangi wala dawa. Mbili: bomba la plastiki la inchi 1, kiasi cha mita 2, pamoja na kona tatu. Tatu: bomba la inchi 1½ la kupitishia maji yakifurika. Nne: viungo viwili vya tangi vyenye mpira na nati, kama vile mafundi wa bomba wanavyofunga kwenye matangi ya maji. Tano: pampu inayoweza kupandisha lita 10 kwa dakika mpaka juu ya ndoo. Msiamini maandishi ya kwenye boksi, pimeni wenyewe. Ikiwekwa chini na mpira wake ukapandishwa mpaka juu, ijaze lita 20 kwa dakika 2.

Angalizo kubwa: usitumie shaba wala madini mengine mahali popote maji yanapopita. Shaba kidogo tu ikiyeyuka katika maji huua matumbawe, kaa na konokono.

Tuanze kujenga. Toboa kitako cha ndoo na ufunge kiungo cha kwanza. Ndani ya ndoo, simamisha bomba la inchi 1 juu ya kiungo hicho. Juu yake tia kona, kipande kifupi, na kona ya pili, ili bomba ligeuke na kushuka tena kama mpini wa mkongojo. Mguu huu unaoshuka ndani ya ndoo ukome sentimita 4 juu ya kitako. Mgongo wa pindo uwe sentimita 8 chini ya ukingo wa ndoo.

Kisha toboa ubavu wa ndoo kwa bomba la kufurikia. Sehemu ya chini ya tundu hilo iwe sentimita 2 juu ya mgongo wa pindo. Bomba hili lirudi tangini. Wako watakaosema, “Sifoni inafanya kazi, ya nini bomba la pili?” Ndugu zangu, siku konokono akiingia katika bomba la kwanza, bomba la pili ndilo litakaloiokoa nyumba. Asiyelifunga asiwashe pampu.

Weka ndoo juu ya ubao imara, kitako chake kikiwa kama nusu mita juu ya maji ya tangi. Kumbukeni kwamba lita 20 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 20. Ubao ufungwe ukutani kwa uthabiti, na ndoo nayo ifungwe isitikisike. Chini ya ndoo, teremsha bomba mpaka tangini, na mwisho wake tia kona ya tatu, imwage maji kwa ulalo, kufuata urefu wa tangi.

Sasa tufanye hesabu. Ndoo hii kwa kila mkupuo itamwaga kiasi cha lita 12. Tuseme tangi lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Eneo la juu ni sentimita mraba 6,000. Lita 12 ni sentimita za ujazo 12,000. Gawanya kwa 6,000: maji yatapanda sentimita 2. Kwa hiyo, ndoo ikiwa tupu, maji ya tangi yawe angalau sentimita 5 chini ya ukingo. Piga alama mbili kwenye kioo: ya maji kujaa na ya maji kupwa. Mdomo wa bomba uwe kati ya alama hizo, ili hewa ipate njia ya kutoka mkupuo unapoanza. Mwenye tangi dogo zaidi afanye hesabu yake mwenyewe, na atumie ndoo ndogo.

Kabla ya kutia kiumbe chochote, jaribu chombo uani kwa maji baridi, kutwa nzima. Pampu ya lita 10 kwa dakika itajaza lita 12 katika dakika moja na robo hivi, na mkupuo utachukua yapata sekunde 15. Kama maji yanapita juu ya pindo kidogo kidogo na sifoni haishiki, pampu ni dhaifu. Kama sifoni imeshika lakini haikatiki, pampu ina nguvu mno, ipunguze.

Yako mambo matatu ya usalama. Kwanza, ncha ya mpira wa pampu iwe juu ya maji ya ndoo, isizame. La sivyo, umeme ukikatika maji yatarudi kinyume. Pili, waya wa umeme uteremke chini ya soketi kisha upande tena, ili tone la maji lidondoke kabla ya kuifikia soketi. Na chomoa waya kabla ya kutia mkono majini. Tatu, mawimbi huongeza mvuke. Maji hupungua, lakini chumvi hubaki. Basi, ongeza maji baridi safi, siyo ya chumvi.

Tumbawe la matawi lipendalo maji makali liweke karibu na mkupuo. Lile lenye nyama laini liweke mbali.

Neno la mwisho. Mtu asisikie somo hili akachukua nyundo kwenda mwambani. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, Zanzibar na Tanzania Bara yakageuka meupe na kufa. Mwamba ndio nyumba ya samaki tunaowala, na ndio boma linalouvunja wimbi kabla halijala ufuko. Biashara ya matumbawe ya mawe kati ya nchi na nchi ina vibali vyake. Mfugaji mwema huanza na vipande vilivyokuzwa katika matangi ya wafugaji wenzake.

Maswali ya kujibu nyumbani: 1. Ni nini kinachoikata sifoni? 2. Tangi la sentimita 90 kwa 40 litapanda sentimita ngapi likipokea lita 9? 3. Kwa nini tunaongeza maji baridi badala ya maji ya chumvi?