Mto Huhama, Ramani Huzeeka



Leo tuzungumze habari za ramani. Sisi wa Kyela tunaishi kwenye tambarare. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuingia Ziwa Nyasa. Masika yakizidi, mito hiyo hufurika. Songwe una tabia yake. Huku chini hujipindapinda, hula ukingo huu na kurundika mchanga ukingo ule. Mafuriko makubwa yakija, huacha njia yake na kuchimba nyingine.

Jambo hili ni zito, maana Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Waingereza na Wajerumani waliutaja kuwa mpaka katika mapatano yao ya mwaka 1890. Lakini mto si ukuta. Ukihama, mkulima hulala shamba lake liko upande huu, akaamka akaliona ng'ambo.

Je, ramani inasaidia nini? Wapimaji hutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Kisha hupita kwa miguu, wakihakikisha mahali na kuuliza majina. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Mistari iitwayo kontua huonyesha miinuko. Ikibanana, kama kwenye Milima ya Livingstone, mahali hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, kama hapa kwetu, ni tambarare, na maji huenea upesi.

Lakini ramani ni kama picha ya mtoto. Mtoto hukua, picha haikui. Mto ukihama, ramani ya zamani huonyesha maji mahali penye mpunga. Ndiyo maana upimaji hurudiwa.

Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila ramani sahihi.

Basi wapimaji wakija, tufanye nini? Wazee wawaonyeshe mikondo ya zamani na mahali maji yalipofika. Tuwatajie majina ya vijito sawasawa. Tusing'oe bikoni tukafanya mafiga.

Na kabla ya kujenga nyumba au shule, tuombe kuiona ramani, tutafute palipoinuka. Tumekwisha jua kusoma barua. Sasa tujue kusoma ardhi yetu.