Nani Aandikwe, Nani Aachwe? Misingi ya Sera ya Jamii kwa Kamati Zetu

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia za sharika)



Tumeombwa tueleze mambo ya msingi kuhusu sera ya jamii. Huenda baadhi yenu mlipoona mada hii kwenye ratiba mlidhani ni mambo ya Dodoma, hayatuhusu sisi wa sharika. Kwa hiyo tunaomba tuanzie nyumbani, tena tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita idara yetu ilipata fedha za kuwasaidia wazee wanaolea wajukuu yatima. Katika usharika mmoja tulikuwa na nafasi 20, na wahitaji walikuwa wengi zaidi ya hapo. Tukaweka vigezo: nyumba ya nyasi, kutokuwa na mifugo, na kulea yatima. Kamati ikapita nyumba kwa nyumba na daftari. Bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wanne hakuandikwa, kwa kuwa nyumba yake iliezekwa kwa bati. Bati hilo aliliweka mwanawe kabla hajafariki. Tulipofika kugawa msaada, bibi akatujia na kutuuliza, "Mwanangu, nikilishusha hilo bati, mtaniandika?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tuligundua kwamba mzee mmoja aliyeandikwa alikuwa na ng'ombe wawili waliofugwa kwa shemeji yake. Mwaka uliofuata bibi yule aliandikwa, lakini siyo kwa sababu tulirekebisha vigezo. Upepo wa masika ulikuwa umeezua bati lake.

Ndugu zangu, swali la bibi yule ndilo swali kuu la sera ya jamii duniani kote: nani asaidiwe, kwa kigezo gani, nani anaamua, na aliyeachwa aende wapi?

1. Sera ya jamii ni nini?

Ni utaratibu ambao jamii imekubaliana kuufuata ili mtu asiangamie anapougua, anapozeeka, anapopata ulemavu, anapokosa kazi au anapofiwa na mlezi wake. Wazee wetu walikuwa na taratibu zao. Vyama vya kufa na kuzikana tunavyo hadi leo. Nchi inapofika mahali serikali ikachukua wajibu huo kwa sheria, na kuugharimia kwa kodi au michango, tunasema nchi hiyo ina dola ya ustawi wa jamii.

Kanisa limekuwamo katika historia hii. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig huko Ujerumani ulianzisha sanduku la pamoja la kuhudumia usharika na wahitaji wake, na Martin Luther akauandikia utaratibu wao utangulizi. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilishikwa na pande nne: makabaila, baraza la mji, washarika wa mjini na wakulima wa vijijini. Walichaguliwa wasimamizi 10 waliokutana kila Jumapili, nao walitakiwa kutoa taarifa mbele ya watu wote. Mapato yasipotosha, kila mmoja achangie kadiri ya uwezo wake. Hatusemi kila kitu kilikwenda vizuri. Kulitokea mvutano juu ya kukabidhi mali. Lakini wazo ni kubwa: msaada kwa maskini usitegemee moyo wa tajiri siku hiyo, bali utaratibu ulio wazi.

2. Njia tatu

Njia ya kwanza ni bima ya jamii, yaani anayechangia ndiye anayelipwa. Ujerumani ilianza chini ya Bismarck: bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Uzuri wake ni kwamba mtu anadai kilicho chake. Udhaifu wake ni kwamba asiye na ajira ya mshahara hubaki nje.

Njia ya pili ni msaada wa kuchagua walengwa, yaani kupima hali ya mtu kwanza. Ndiyo njia tuliyotumia sisi. Sababu yake inaeleweka: fedha ni chache, ziende kwa walio maskini zaidi. Lakini ina makosa ya aina mbili, na sisi tulifanya yote mawili: kumwacha anayestahili na kumwandika asiyestahili. Tena inaweza kumdhalilisha mtu. Kwa sheria ya mwaka 1834, maskini mwenye nguvu huko Uingereza alitakiwa aingie katika nyumba ya kazi ili asaidiwe, na maisha ya humo yalifanywa kwa makusudi yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa nje. Yaani mtu avuliwe kwanza ndipo avikwe. Hapo hatuko mbali na bibi yetu na bati lake.

Njia ya tatu ni huduma kwa wote: kila aliyefikia umri fulani, au kila mtoto, au kila mgonjwa. Sweden, nchi yenye Walutheri wengi, ilipitisha mwaka 1913 sheria ya pensheni iliyolenga karibu wananchi wote, wakiwamo wakulima. Uingereza, katika vita, William Beveridge alitoa ripoti yake ya mwaka 1942 iliyotaja maadui watano: uhitaji, maradhi, ujinga, makazi duni na ukosefu wa kazi. Msikilizaji wa Tanzania atakumbuka maadui watatu wa Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza huko Uingereza, bila mgonjwa kuulizwa ana mali gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1941, Askofu Mkuu William Temple wa Kanisa la Anglikana alikuwa tayari ametofautisha dola inayojali nguvu na dola inayojali ustawi wa watu wake.

Hakuna nchi inayotumia njia moja tu. Kila moja inachanganya, na katika mchanganyiko huo ndipo unaona inawathamini nani.

3. Hapa kwetu

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo, ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo haki imeandikwa, lakini mzee hawezi kuidai mahakamani kwa ibara hiyo pekee.

Mifuko ya pensheni imewahudumia hasa wenye ajira rasmi, na mkulima wa kahawa au mahindi kwa kawaida hayumo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ukazinduliwa mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao ulichagua kaya kwa kushirikisha jumuiya na kupima hali zao. Zanzibar ilichukua njia nyingine. Mwezi Aprili 2016 ilianza Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Anayehakikiwa hapo ni umri na ukaazi. Hakuna anayekuja kuhesabu bati.

Mkoani Kagera, huko Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, wengi wao wakilea yatima. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba hata katika jina lake vitu ambavyo fedha hizo zilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wale wanaohofia kwamba mzee akipewa fedha taslimu atazipoteza wafikiri tena.

4. Tunapendekeza nini?

Hesabu ni rahisi, nayo ni chungu. Usharika ukiwa na fedha za wazee 20, na wenye miaka 70 na zaidi wakiwa 60, kuwapa wote ni kumpa kila mmoja theluthi. Marafiki zetu mnaotuchangia mtauliza kama theluthi hiyo itabadilisha maisha ya mtu, na ni swali la haki. Sisi nasi tunauliza: gharama ya kumwacha bibi yule tuliiandika kwenye taarifa gani? Katika taarifa ya mwaka ule tuliandika kuwa walengwa wote 20 walifikiwa. Ilikuwa kweli, na haikutosha.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zijadili mambo manne:

(a) Vigezo viwe vichache, vijadiliwe na washarika na kubandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla daftari halijafunguliwa.

(b) Kuwe na rufaa. Watu watatu wasio wajumbe wa kamati wapokee malalamiko na kujibu ndani ya siku 30. Tuone rufaa kama macho ya pili, wala tusiione kuwa uasi.

(c) Sharika mbili zijaribu kwa mwaka mmoja kutumia kigezo cha umri peke yake, kisha tulinganishe na sharika nyingine. Wafadhili wetu tunawaomba mtuvumilie katika jaribio hili, hata kama matokeo yatakuwa ya mchanganyiko.

(d) Tusichukue nafasi ya serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Kamati iwasindikize wazee ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, iwasaidie kupata vitambulisho na uthibitisho wa umri. Siku nyingine safari hiyo moja ina thamani kuliko gunia la mahindi.

Funguo za sanduku lile la Leisnig zilikuwa kwenye mikono minne. Mkirudi nyumbani, angalieni za kwenu ziko mikononi mwa nani, na kama yumo hata mmoja miongoni mwa wale wanaosaidiwa. Majibu yenu tutayapokea kwenye kikao kijacho, nasi tutayachapisha katika jarida hili, yale ya kutukosoa yakiwemo.