Jina, Goti na Kichwa

Msikilizaji, Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, mgonjwa aliyekuja kutibiwa goti alipasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Majina yao ya kwanza yalifanana. Yule wa kichwa baadaye alifariki.

Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika chumba cha upasuaji. Kabla ya nusu kaputi, mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake na mahali anapopasuliwa. Ni kazi ya dakika chache tu! Usitegemee fidia ya mahakamani badala yake: huja mguu ukishaharibika, tena kwa mwenye uwezo wa kuweka wakili. Basi wewe unayesubiri upasuaji, usione haya: mwombe daktari aweke alama kwenye kiungo chenyewe kabla hujalazwa usingizi.