Makabati ya Cotton na Fasihi Iliyonusurika

Usiku wa manane, Oktoba 23, 1731, moto ulizuka Ashburnham House, jumba la Westminster, London. Humo ilihifadhiwa maktaba ya Sir Robert Cotton, aliyekusanya miswada mingi iliyotawanyika baada ya Mfalme Henry VIII kuzifunga nyumba za watawa. Maktaba hiyo ilikuwa imehamishwa kutoka Essex House kwa kuhofia, tena, moto. Vitabu vikarushwa madirishani. Mtunza maktaba, Dkt. Richard Bentley, inasimuliwa, alitoka mbio na nguo za kulalia, kwapani amebana Biblia ya Kigiriki ya karne ya 5. Kati ya miswada 958, kamati ya ukaguzi ilihesabu 114 iliyopotea au kuharibika kabisa na 98 iliyodhurika.

Cotton aliweka sanamu ya kichwa cha mtu wa kale, wengi wao watawala wa Roma, juu ya kila kabati, na vitabu vikatajwa kwa jina la mtu huyo, herufi ya rafu na namba. Hadi leo mswada wa utenzi wa Beowulf unaitwa Cotton Vitellius A.xv, na ule wa shairi la Sir Gawain and the Green Knight ni Cotton Nero A.x. Kila mmoja ni nakala pekee duniani. Gawain alitoka salama. Beowulf aliungua kingo. Kabati la Otho ndilo lililokiona cha mtema kuni: humo viliteketea wasifu wa Mfalme Alfred ulioandikwa na Asser na shairi la vita vya Maldon. Shairi hilo linasomeka leo kwa kuwa lilikwisha kunakiliwa, na Thomas Hearne akalichapisha mwaka 1726.

Hoja ya makala hii ni kwamba kinachofundishwa vyuoni kama mwanzo wa fasihi ya Kiingereza ni kile kilichonusurika, wala si lazima kiwe ndicho kilichopendwa. Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiingereza cha kale imo katika miswada minne tu. Mhakiki anayetamka kwa kujiamini kwamba washairi wa zama zile walipenda huzuni na uhamisho anapaswa kuulizwa: washairi gani, wa kabati lipi?

Ndiyo maana inafaa kuutazama mswada wenyewe. Beowulf, mistari 3,182, uliandikwa kwenye ngozi yapata mwaka 1000 na wanakili wawili. Wa kwanza aliacha kalamu katikati ya mstari wa 1939. Wa pili akaendelea kwa hati ya mtindo wa kizamani zaidi. Ngozi iliyokaushwa na moto ilizidi kumeguka, mpaka mwaka 1845 kila jani lilipowekewa fremu. Fremu hizo ziliokoa kingo, lakini nazo zikafunika baadhi ya herufi. Kwa bahati, Grímur Thorkelin wa Iceland alikuwa amepata nakala mbili miaka ya 1780, moja kwa mkono wake, na kuna herufi zinazojulikana kwa nakala hizo tu.

Kitabu cha Exeter, mmojawapo wa miswada ile minne, kilichotolewa kwa kanisa kuu na Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, hakikuhitaji moto wa jumba zima ili kiharibike. Kina alama za kisu, doa la mviringo kana kwamba mtu alikitumia kuwekea kikombe, na tundu la kuungua lililopenya kurasa za mwisho, likala maneno ya mashairi.

Kwa Chaucer tatizo ni kinyume chake: miswada ya kitabu chake, Canterbury Tales, inazidi 80, na haikubaliani juu ya mpangilio wa hadithi.

Kisha kuna mwaka 1934, uliowaumbua waliodhani kazi ya kutafuta imekwisha. Kitabu cha Margery Kempe kilionekana nyumbani kwa familia moja ya Uingereza, na mtafiti Hope Emily Allen akakitambua. Mwaka huohuo Walter Oakeshott aliuona shuleni Winchester mswada wa hadithi za Mfalme Arthur za Thomas Malory, zilizokuwa zikijulikana kwa toleo la mchapaji William Caxton la 1485 pekee. Ukilinganisha, unaona Caxton alivyopunguza na kubadili, hasa sehemu ya vita dhidi ya Roma. Baadaye mtafiti Lotte Hellinga aligundua kwenye kurasa za mswada huo madoa ya wino wa herufi za chapa za Caxton: ulikuwa umekaa karakanani mwa mchapaji huyo.